Sura ya Sita: Mama wa Girnar ni wa Nani?

Popote penye mtaa wa Wahindi kwenye pwani yetu, swali hili halikosi mtu wa kuliuliza: hivi Wajaini ni Wahindu, au ni watu wa dini nyingine? Anayeuliza ana sababu zake. Jirani yake Mjaini ana hekalu lake, mbali na lile la Wahindu. Hali nyama wala yai, na kama ni mshika dini sana hali hata kitunguu na kiazi, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vidudu vilivyomo udongoni. Lakini Diwali ikifika naye anawasha taa, na si ajabu mwanawe akaoa binti wa Kihindu na harusi ikafana.

Jibu la haraka ni kwamba hizi ni dini mbili. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Halielezi inakuwaje watu wa dini hizo mbili wapande mlima mmoja, wavue viatu kwenye mlango mmoja na wamwinamie mama mmoja, kila mtu akiamini kwa moyo wake wote kwamba yuko nyumbani kwake. Mlima huo upo. Unaitwa Girnar, na uko kando ya mji wa Junagadh, katika jimbo la Gujarat, magharibi ya India. Tutaupanda kutoka chini hadi juu katika sura hii, kwa sababu juu yake yako mambo mawili yasiyofanana: hekalu ambalo dini mbili zimelitumia pamoja kwa karne nyingi, na kilele ambacho dini hizo hizo zimekigombea hadi mahakamani.

Kwanza, tofauti yenyewe

Uhindu hauna mwanzilishi mmoja wala kitabu kimoja cha mwisho. Una maandiko mengi, ya kale zaidi yakiwa Veda, na una miungu mingi ambayo waumini wengi huiona kuwa sura mbalimbali za uungu mmoja. Mhindu anamwomba Shiva, Krishna au Mama Durga, na anatarajia kusikilizwa.

Wajaini hawaamini kwamba kuna Mungu aliyeumba ulimwengu. Kwao ulimwengu haukuanza na hautakwisha, na kila chenye uhai, kuanzia mtu hadi chungu, kina roho iliyonaswa na matendo yake. Roho inazaliwa, inakufa, inazaliwa tena, mpaka itakapojitakasa na kutoka kabisa katika mzunguko huo. Waliofanikiwa kutoka na kuwaonyesha wengine njia wanaitwa Tirthankara. Katika zama hizi wamehesabiwa 24, na wa mwisho, Mahavira, aliishi yapata miaka 2,500 iliyopita.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Tirthankara si Mungu, na wala hajibu maombi. Amekwisha kuondoka, hana tena raghba wala hasira, na hakuna sadaka inayoweza kumgeuza. Mjaini anayesimama mbele ya sanamu ya Tirthankara haombi mvua wala mtoto wala ushindi wa kesi. Anaheshimu mfano, na anajikumbusha njia.

Lakini watu ni watu. Mtoto anaugua, meli inachelewa, ndoa inayumba. Mjaini akipatwa na hayo amlilie nani? Dini yake ina jibu: kila Tirthankara ana walinzi wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mlinzi wa kike anaitwa yakshi. Huyu hajakombolewa bado, yumo katika mzunguko kama sisi, ila ana nguvu, na anasikia. Kwa mlango huo wa walinzi, Wajaini na Wahindu wamekutana mara nyingi kuliko mahali pengine popote.

Kwa ufupi, kabla hatujaanza kupanda:

- Wote wanaamini kwamba matendo yana matokeo yake, na kwamba mtu huzaliwa tena.
- Wote wanaadhimisha Diwali, lakini Wajaini wanaiadhimisha kama siku ambayo Mahavira alikombolewa.
- Sheria ya ndoa ya Wahindu ya mwaka 1955 nchini India inawahusu Wajaini pia, ilhali tangu 2014 serikali ya nchi hiyo inawatambua Wajaini kuwa jamii ya dini ya wachache.
- Sensa ya India ya 2011 ilihesabu Wahindu zaidi ya milioni 960, na Wajaini takriban milioni 4.5.

Ikumbuke hiyo hesabu ya mwisho. Tutaihitaji tutakapofika juu.

Jiwe la chini

Girnar si kilele kimoja. Ni kundi la vilele vinavyoinuka ghafla kutoka kwenye nchi tambarare, na kirefu kuliko vyote kinapita mita 1,000, juu kuliko sehemu nyingine yoyote ya Gujarat. Ngazi za mawe zinaanzia bonde la Bhavnath, na watu husema ni vipandio 10,000, au 9,999 ukimuuliza mwenye kupenda hesabu ya kimila.

Kabla ya kufika kwenye ngazi, kando ya barabara itokayo mjini, kuna jiwe kubwa lililojengewa nyumba ya kulikinga. Limejaa maandishi. Karne ya tatu kabla ya Kristo, mfalme Ashoka aliagiza amri zake 14 zichongwe hapo. Ashoka alikuwa mfuasi wa Buddha, kwa hiyo maandishi ya kale kuliko yote ya mlima huu hayakutoka kwa Mhindu wala Mjaini. Amri ya kwanza inazungumzia uchinjaji: mfalme anasema zamani wanyama wasio na idadi walichinjwa kila siku kwa ajili ya jiko lake, sasa wanachinjwa watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, na hata hao wataachwa. Amri ya 12 inazungumzia dini. Inasema kwamba anayeitukuza dini yake kwa kuzidharau za wenzake anaiumiza dini yake mwenyewe, na kwamba inafaa watu wasikilize mafundisho ya wengine.

Mwaka 150 baada ya Kristo, mtawala Rudradaman aliongeza maandishi yake kwenye jiwe hilo hilo. Anaeleza jinsi dhoruba ilivyovunja bwawa la Sudarshana, lililochimbwa zamani za babu yake Ashoka, na jinsi alivyolijenga upya kwa fedha za hazina yake bila kuwakamua raia kodi wala kuwatia kazi ya shokoa. Karibu miaka 300 baadaye bwawa likabomoka tena, na maandishi ya tatu, ya wakati wa mfalme Skandagupta, yanataja ukarabati wake pamoja na hekalu la mungu Vishnu lililojengwa hapo. Jiwe moja, zama tatu, na hakuna aliyefuta maneno ya aliyemtangulia. Nafasi ilikuwepo, wakaandika pembeni.

Bwana harusi aliyegeuza gari

Kwa Wajaini, Girnar ni mlima wa Neminath, Tirthankara wa 22. Kisa chake kila mtoto wa Kijaini anakijua.

Nemi alikuwa mwana wa mfalme, kijana mwenye nguvu. Alichumbiwa Rajul, binti wa mfalme Ugrasena, na siku ya harusi akatoka na msafara wake, ngoma na tembo na shangwe zote. Walipokaribia nyumbani kwa bibi harusi, akasikia vilio. Akatazama, akaona zizi limefurika wanyama wanaohangaika. Akamuuliza mwendesha gari: hawa wamefungwa kwa nini? Akajibiwa: hawa ni kitoweo cha wageni wako.

Nemi akaamuru wafunguliwe, akavua mapambo yake, akageuza gari. Hakuoa. Alipanda Girnar, akaacha vyote, na kwenye msitu wa miembe ubavuni mwa mlima, panapoitwa Sahasavan, akapata ujuzi kamili. Baadaye akafia juu ya mlima huo na roho yake ikakombolewa. Rajul naye hakutafuta mchumba mwingine. Alimfuata mlimani, akawa mtawa, na hadi leo mahujaji wanaonyeshwa pango linalobeba jina lake.

Mimi hukitazama kisa hiki pamoja na jiko la Ashoka lililochongwa kule chini. Sidai kwamba kimoja kimetoka kwa kingine. Ila ni jambo zito kwamba mlima mmoja unabeba habari mbili za mwenye mamlaka aliyekitazama chakula chake na kuona uchungu wa mnyama.

Na Wahindu wako wapi katika kisa hicho? Wamo ndani. Katika masimulizi ya Kijaini, Neminath ni binamu yake Krishna, maana baba zao ni ndugu. Krishna huyo ni mmoja wa miungu wanaopendwa sana na Wahindu, na mji wake, Dwarka, uko pwani ya rasi hiyo hiyo. Wahindu nao wanaujua mlima huu kwa jina la kale la Raivataka. Katika utenzi mkuu wa Mahabharata, ni kwenye sherehe za Raivataka ambako shujaa Arjuna alimwona Subhadra, dada yake Krishna, akamchukua kuwa mkewe. Basi kabla ya hekalu lolote kujengwa, ukoo ulikuwa umekwisha kuungana.

Mama mwenye maembe

Ukipanda kwa miguu unapita kwanza kwenye mahekalu ya Kijaini, kundi la majengo ya mawe kwenye ukingo wa jabali, baada ya vipandio 4,000 hivi. Kubwa kuliko yote ni la Neminath, na ndani yake sanamu yake ya jiwe jeusi imeketi kwa utulivu, na ua wake umezungukwa na vijumba takriban 70. Ukiendelea juu zaidi unafika kilele cha Ambaji. Hapo ndipo penye hekalu la Mama Ambika, na hapo ndipo swali letu linapopata jibu lake la kwanza.

Wahindu wanasema Ambika ni Mama Durga, nguvu ya uungu katika umbo la mwanamke, apandaye simba na kuwaangamiza wabaya. Maharusi wapya humjia. Nguo ya bibi harusi inafungwa fundo na ya bwana harusi, wanapanda wakiwa wameunganishwa hivyo, nyuma yao ndugu na marafiki, na mkononi wana nazi ya kumpa Mama. Wanaomba ndoa idumu, nyumba ipate watoto. Hebu fikiria ugumu wa kupanda maelfu ya vipandio fundo lisifunguke: mmoja akichoka, wa pili lazima asimame. Wenyewe hawahitaji kuelezwa maana yake.

Wajaini wanasema Ambika ni yakshi wa Neminath, na wana kisa chake pia. Alikuwa mke wa Brahmini, mtu wa tabaka la makuhani, katika mji uliokuwa chini ya mlima huu. Siku moja nyumba yao iliandaa chakula cha kuwakumbuka marehemu, na makuhani ndio waliopaswa kula kwanza. Akapita mtawa wa Kijaini mwenye njaa, na yule mama akampa. Mumewe aliporudi akaona chakula kimetiwa najisi, akamfukuza pamoja na watoto wake wawili wadogo. Njiani watoto wakalia njaa na kiu. Mwembe uliokuwa umekauka ukazaa papo hapo, na bwawa kavu likajaa maji. Mume akajuta, akawafuata. Lakini yule mama alipomwona anakuja mbio alidhani anakuja kumpiga, akajirusha na kufa, akazaliwa upya kuwa mlinzi wa Neminath. Mume naye alikufa kwa huzuni, akazaliwa upya kuwa simba, na simba huyo ndiye kipando chake. Ndiyo maana sanamu za Kijaini zinamwonyesha Ambika na shada la maembe mkononi, mtoto mapajani, na simba chini yake.

Angalia jinsi visa hivi viwili vinavyokutana. Simba ni yule yule. Umama ni ule ule. Jina ni lile lile. Mhindu akimtazama anamwona mlinzi wa ulimwengu, na Mjaini anamwona mwanamke aliyeadhibiwa kwa kulisha mwenye njaa. Mwanamke mmoja anaweza kuwa shangazi kwa huyu na mama mkwe kwa yule, wakamwita kwa majina tofauti na kumpa heshima ya namna tofauti, na hakuna anayesema wamekosea mtu. Kila upande una habari kamili, na habari ya mmoja haihitaji kuifuta ya mwenzake.

Wala si jambo la juzi. Kitabu cha mtawa wa Kijaini Jinasena, kilichokamilika mwaka 783, kinamtaja mungu wa kike apandaye simba ambaye makao yake ni juu ya mlima huu. Hekalu lenyewe limetengenezwa mara nyingi baada ya hapo.

Hapa nisitiwe maneno mdomoni. Sisemi kwamba Girnar haikuwahi kuwa na ugomvi. Mabishano makali ya kale, tena yaliyoandikwa, yalikuwa baina ya Wajaini wenyewe. Wamegawanyika pande mbili kubwa: Shvetambara, ambao watawa wao huvaa nguo nyeupe, na Digambara, ambao watawa wao wa kiume hawavai kitu kabisa. Pande hizo ziligombania nani ni mwenye Girnar. Kila upande una simulizi ya jinsi kesi ilivyoamuliwa kwa sauti ya mungu wa kike: Shvetambara wanasema Ambika alitamka mlima ni wao, Digambara wanasema sanamu ya Sarasvati, mama wa elimu, ilifumbua kinywa na kuwapa wao. Waliokuwa na imani moja walibishana vikali, na wakati huo huo maharusi wa Kihindu waliendelea kupanda na nazi zao.

Waliojenga na waliolipa

Mahekalu haya hayakuota yenyewe. Hekalu la Neminath lilijengwa upya mnamo 1128 na Sajjana, gavana Mjaini aliyewekwa na mfalme Jayasimha Siddharaja, ambaye mwenyewe alikuwa mfuasi wa Shiva. Simulizi inasema Sajjana alitumia mapato ya jimbo ya miaka 3 bila idhini. Mfalme alipokuja kudai hesabu, matajiri wa Kijaini wakawa wameshachanga kiasi kile kile. Sajjana akamwambia chagua: fedha hizi hapa, au thawabu ya hekalu lile kule juu. Mfalme akatazama mlima, akachagua thawabu.

Miaka 100 baadaye wakaja Vastupala na ndugu yake Tejapala, mawaziri na wafanyabiashara wakubwa wa Kijaini, wale wale waliojenga hekalu la marumaru la mlima Abu. Mwanzoni mwa miaka ya 1230 walijenga Girnar hekalu la vyumba vitatu vilivyoungana, cha kati kikiwa cha Mallinath, Tirthankara wa 19. Masimulizi yanamsifu Vastupala kwa kugharamia pia mahekalu ya Shiva na hata misikiti.

Ngazi nazo zina historia yake. Njia ya mawe ilitengenezwa karne ya 12, ikachakaa. Mwishoni mwa karne ya 19, Junagadh ilipokuwa chini ya Nawabu, mtawala Mwislamu, fedha za kuzijenga upya zilipatikana kwa kuendesha bahati nasibu. Na pembeni ya Girnar kuna mlima mwingine, Datar, wenye kaburi la walii Jamiyal Shah, ambalo Wahindu wanalizuru pamoja na Waislamu. Nchi ile ilikuwa imeshazoea jambo hili kabla ya vyama vya siasa kuzaliwa.

Sisi wa pwani hii tuna uhusiano na nchi ile. Rasi ya Kathiawar, ambako Girnar iko, ndiko walikotoka babu wa familia nyingi za Wahindi wa Mombasa, Nairobi, Zanzibar na Kampala. Majahazi ya Porbandar yalikuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi. Wajaini wa jamii ya Oshwal walianza kufika Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kutoka vijiji vya karibu na Jamnagar. Hekalu lao la Mombasa, eneo la Langoni, lilifunguliwa mwaka 1963 na limewekwa kwa jina la Parshvanath, Tirthankara wa 23, yule anayemfuata Neminath. Familia zilizounganishwa na ndoa za dini hizi mbili ndizo zilizoleta kwetu desturi ya mama mkwe kwenda hekalu la Kijaini asubuhi na mkwewe kwenda kwa Krishna jioni, na chakula cha wote kikapikwa kwenye jiko moja.

Waya wa 2020

Zamani asiyeweza kupanda Girnar alibebwa. Chini ya mlima, abiria alipandishwa kwenye mizani, akapimwa kilo zake, na nauli ikapangwa kwa uzito. Kisha aliketi kwenye doli, kiti kidogo kinachoning'inia kwenye mti, na wapagazi wakamtia mabegani. Wanaume hawa wanazijua ngazi kwa nyayo zao, wanajua wapi pa kupumzika na wapi jiwe linateleza wakati wa masika. Kazi hiyo imewalea watoto wengi wa Bhavnath.

Mwezi Oktoba 2020, waziri mkuu Narendra Modi alizindua usafiri wa vigari vinavyoning'inia kwenye waya, kutoka bondeni mpaka kilele cha Ambaji, umbali wa kilomita 2.3. Safari ya saa kadhaa imekuwa ya dakika chache. Mradi ulichelewa miaka mingi, mojawapo ya sababu ikiwa tumbusi, ndege adimu sasa nchini India, wanaotaga kwenye majabali ya Girnar. Msitu unaouzunguka mlima ni hifadhi pia, na una simba wa Asia, wale ambao hawapatikani porini popote duniani isipokuwa rasi hii. Mama apandaye simba ana simba wa kweli mlangoni.

Nawafurahia wazee na walemavu waliofika kwa Mama Ambika kwa mara ya kwanza kwa sababu ya waya huo. Lakini ona umebadilisha nini. Mwenda kwa miguu, awe Mhindu au Mjaini, alikuwa lazima apite kwa Neminath kwanza. Alipumzika kwenye kivuli cha kuta zake, akanywa maji, akachungulia ndani, akauliza huyu ni nani. Mwenye kupanda kigari anaruka yote hayo, anashukia moja kwa moja Ambaji. Ili aone mahekalu ya Kijaini inabidi ateremke mamia ya vipandio kisha avipande tena, na wengi hawafanyi hivyo. Na wapagazi wa doli wamepoteza wateja. Mimi naona hiyo ni hasara kubwa kuliko inavyosemwa, kwa sababu kupitiana njiani ndiko kulikowafundisha watu hawa kujuana.

Kilele cha tano

Kutoka Ambaji njia inashuka, inapanda hadi kilele cha Gorakhnath, kirefu kuliko vyote, inashuka tena kwa kasi, halafu inapanda kilele chembamba kama mnara. Wajaini wanakiita kilele cha tano. Juu yake kuna nyayo zilizochongwa kwenye mwamba.

Wahindu wanasema ni nyayo za Dattatreya, mwalimu ambaye ndani yake wamekutana Brahma, Vishnu na Shiva, na ambaye alikaa hapo akifanya tafakuri. Wajaini, hasa Digambara, wanasema ni nyayo za Neminath, na kwamba hapo ndipo roho yake ilipokombolewa. Kwa vizazi vingi kila mmoja alipanda, akainama kwenye nyayo zile zile, akasema sala yake, akashuka.

Mwanzoni mwa karne hii mambo yakaharibika. Ujenzi ulifanyika kileleni na sanamu ya Dattatreya ikawekwa. Nyayo hazina sura, kila mtu anaweza kuzisoma kwa imani yake. Sanamu ina sura, na ikishawekwa mmoja anakuwa mwenyeji na mwingine mgeni. Wajaini walikwenda mahakamani, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Gujarat ikaagiza hali ibaki kama ilivyo. Malalamiko hayakwisha. Wajaini wanasema wanazuiwa kuabudu kwa namna yao, wasimamizi wa Kihindu wanasema mahali ni pao tangu kale, na zimetokea purukushani ambamo watu wameumia.

Rudi sasa kwenye hesabu ya sensa. Katika ugomvi wa namna hii milioni 4.5 hawawezi kushindana na milioni 960 kwa wingi wa watu, na hawapaswi kulazimishwa kushindana hivyo. Ndiyo sababu wingi hauwezi kuwa hoja kwenye kilele cha tano. Wala ukale hauwezi, maana kila upande una maandiko yake na kila upande unayaamini.

Kila mwaka, kuanzia siku ya 11 ya mwezi wa Kartik hadi mwezi mpevu, mamia ya maelfu ya watu huuzunguka mlima mzima kwa miguu, kilomita 36 kupitia msitu wa simba. Wakati wa Shivaratri, sikukuu ya Shiva, Bhavnath hufurika watawa wa Kihindu waliojipaka majivu. Wajaini nao hupanda mwaka mzima. Mlima una nafasi ya wote hao, na umekuwa nayo muda mrefu.

Hukumu yangu ni hii. Ambaji ilidumu kuwa ya wote kwa sababu hakuna aliyelazimishwa kutoa jibu moja, na kilele cha tano kiliingia matatani siku jibu moja lilipojengwa kwa mawe na saruji. Walioshika ufunguo wa kilele hicho, wakuu wa mahekalu wa Kihindu na wazee wa Kijaini pamoja na serikali ya Gujarat, wana uwezo wa kulirekebisha hilo bila kesi nyingine: waandike saa za ibada za kila upande, waweke walinzi wasio wa upande wowote, wasiongeze sanamu wala ukuta, na waziache nyayo zionekane na kila aliyepanda kwa ajili yake.